Kasoro za Koo za Kuzaliwa Nazo: Mwongozo kwa Wazazi na Wahudumu wa Afya wa Tosamaganga

Koo na shingo ya mtoto huumbwa kwa sehemu kubwa kati ya wiki ya nne na ya nane tangu mimba itungwe. Kliniki huhesabu mimba tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, hivyo kwa hesabu yake hiyo ni wiki ya sita hadi ya kumi, wakati ambapo akina mama wengi hawajafika kliniki hata mara moja. Kasoro nyingi za koo ambazo mtoto huzaliwa nazo huanzia hapo, nazo ni za namna tatu. Njia iliyopaswa kufungwa hubaki wazi, njia iliyopaswa kuwa wazi huziba, au kiungo kilichopaswa kuhama hukwama njiani.

Kwa kuwa kila sehemu ya koo huumbwa mahali pake na kwa wakati wake, mahali kasoro ilipo na umri inapojitokeza hutosha mara nyingi kukisia ni kasoro gani hata kabla ya vipimo. Ukubwa wa uvimbe si kipimo cha hatari. Uvimbe mkubwa shingoni huweza kusubiri miezi, ilhali mtoto asiye na uvimbe wowote, anayetoa povu mdomoni tu, huenda asiwe na hata siku mbili za kusubiri. Haraka hupimwa kwa mambo mawili: mtoto anapumuaje na anamezaje.

Koo linavyoumbwa

Katika wiki ya nne, pande mbili za shingo ya kiinitete huota matuta ya nyama yaitwayo matao ya koromeo. Hupewa namba 1, 2, 3, 4 na 6, kwa kuwa la tano hutoweka au halitokei kabisa. Kati ya tao na tao kuna mfereji upande wa nje na mfuko upande wa ndani. Mjerumani Martin Rathke alieleza mifereji hiyo mwaka 1825 baada ya kuchunguza viinitete vya nguruwe.

Tao la kwanza hujenga taya, na la pili hujenga misuli ya uso na sehemu ya juu ya mfupa hayoidi, ule mfupa mdogo ulio juu ya kikoromeo. La tatu humalizia mfupa huo, na matao ya nne na sita hutoa gegedu za zoloto, yaani kisanduku cha sauti. Mfereji wa kwanza hubaki kuwa tundu la sikio. Mifereji mingine hufunikwa na tao la pili linaloteremka juu yake, na kufikia wiki ya saba huwa imetoweka. Mfuko wa pili hutoa tonsili.

Tezi ya thairoidi huanzia kwenye shina la ulimi, kisha hushuka katikati ya shingo hadi mahali pake chini ya zoloto ikifuatwa na mrija mwembamba. Tezi hufika kwake karibu na wiki ya saba, na mrija hufa baadaye. Wakati huohuo bomba la hewa hujitenga na umio, ambayo ndiyo njia ya chakula, kwa ukuta unaoota kati yao. Uwazi wa zoloto huziba kwa muda, kisha hufunguka tena kufikia wiki ya kumi. Kaakaa ndiyo huchelewa zaidi, na hukamilika karibu na wiki ya 12.

Dharura za siku ya kwanza

Kasoro ya kwanza kufikiriwa katika chumba cha kujifungulia ni umio ulioziba. Duniani humpata takriban mtoto mmoja kati ya 3,000 hadi 4,000 wanaozaliwa hai. Katika watoto takriban 85 kati ya 100 wenye kasoro hii, sehemu ya juu ya umio huishia kwenye kifuko kisichopita, huku sehemu ya chini ikiwa imeungana na bomba la hewa. Mate hayana pa kwenda, nayo tindikali ya tumbo hupanda moja kwa moja hadi mapafuni.

Dalili zake hazijifichi. Povu la mate hutoka mdomoni na puani, na likifutwa hurudi. Mtoto akipewa ziwa kwa mara ya kwanza hupaliwa, hukohoa na kugeuka bluu. Pengine dokezo lilikuwepo tangu ujauzito, pale maji ya uzazi yalipokuwa mengi kupita kiasi.

Mkunga anayeshuku tatizo hili hupima kwa mrija wa kulishia wa namba 8 au 10, akiupitisha taratibu mdomoni. Kwa mtoto asiye na kasoro, mrija hufika tumboni. Umio ukiwa umeziba, mrija hugonga ukuta kwenye sentimita 10 hivi kutoka kwenye fizi. Mrija mwembamba na laini mno haufai kwa kipimo hiki, kwani hujikunja ndani ya kifuko na kumfanya mpimaji adhani umepita. Picha ya eksirei huonyesha mrija ulipokomea. Hewa ikionekana tumboni, ni ushahidi kwamba sehemu ya chini ya umio imeungana na bomba la hewa.

Tangu kasoro hii iliposhukiwa, mtoto hapewi kitu chochote mdomoni: si ziwa, si maji, si glukosi, si dawa. Hulazwa kichwa na kifua vikiwa vimeinuliwa, mate hunyonywa kila baada ya dakika 10 hadi 15, na hupewa dripu na antibayotiki. Joto la mwili hulindwa kwa bidii. Tosamaganga iko nyanda za juu, na usiku wa Juni na Julai mtoto mchanga hupoa upesi hata akiwa ndani ya gari. Daktari huchunguza pia moyo, figo, mgongo na njia ya haja kubwa, kwa sababu kasoro za viungo hivyo huambatana na hii mara kwa mara. Tiba ni upasuaji wa kuunganisha umio. Ulifanikiwa kwa hatua moja kwa mara ya kwanza mwaka 1941, mikononi mwa Cameron Haight wa Michigan, Marekani.

Dharura ya pili ni njia za pua zilizoziba pande zote mbili. Mtoto mchanga hutegemea pua kupumua, hivyo hugeuka bluu akinyamaza na hupata nafuu akilia, kwa kuwa hapo hupumua kwa mdomo. Mrija mwembamba usiopita kwenye tundu lolote la pua huthibitisha shaka. Kifaa cha kuweka njia ya hewa wazi huwekwa mdomoni hadi afike kwa daktari wa upasuaji.

Dharura ya tatu ni kidevu kidogo kilichorudi nyuma, mara nyingi pamoja na kaakaa iliyo wazi. Ulimi huangukia nyuma na kuziba koo mtoto anapolazwa chali. Kumlaza kifudifudi chini ya uangalizi wa muuguzi huuleta ulimi mbele, na kwa watoto wengi hatua hiyo peke yake hufungua njia ya hewa.

Pumzi yenye sauti

Mtoto akitoa mkoromo au mlio mwembamba kila anapovuta pumzi, chanzo mara nyingi ni zoloto laini. Gegedu zilizo juu ya nyuzi za sauti hazijakomaa, hivyo huvutwa ndani pumzi inapoingia. Mlio huanza ndani ya wiki mbili za kwanza, huongezeka katika miezi inayofuata, na kwa watoto wengi huisha kati ya miezi 12 na 24. Huwa mkubwa mtoto akilala chali, akinyonya au akilia, na hupungua akigeuzwa kifudifudi.

Mtoto wa namna hiyo akinyonya vizuri na uzito wake ukipanda sawasawa kwenye kadi ya kliniki, huhitaji kufuatiliwa tu. Kinachobadilisha uamuzi ni uzito kusimama, kifua kubonyea ndani kila anapovuta pumzi, kupumua kukatika usingizini, au midomo kuwa ya bluu. Lolote kati ya hayo ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Mlio ulioambatana na kilio hafifu au kilichokauka tangu kuzaliwa huelekeza kwenye utando uliobaki kati ya nyuzi za sauti, yaani zoloto halikufunguka lote. Kukohoa na kupaliwa kila anaponyonya, pamoja na nimonia zinazojirudia, huashiria upenyo uliobaki kati ya njia ya hewa na njia ya chakula. Kasoro hizi mbili huthibitishwa kwa kamera nyembamba inayopitishwa kooni, kazi ya daktari bingwa wa masikio, pua na koo.

Kaakaa na kimeo

Kila mtoto anayezaliwa huangaliwa kaakaa kwa tochi na kuguswa kwa kidole safi. Mdomo uliopasuka, ambao wengi huuita mdomo sungura, huonekana na kila mtu, lakini kaakaa iliyo wazi peke yake hupita bila kutambuliwa hadi maziwa yanapoanza kutokea puani. Mtoto mwenye kaakaa hiyo hawezi kufyonza kwa nguvu. Mama hukamua maziwa yake na kumlisha kwa kikombe kidogo au kijiko, mtoto akiwa ameketishwa wima, kidogokidogo, huku akicheuliwa mara kwa mara. Mdomo hufungwa kwa kawaida akiwa na miezi mitatu hadi sita, na kaakaa kati ya miezi 9 na 18, kabla mazoea mabaya ya kutamka hayajajengeka. Masikio yake hufuatiliwa, kwa kuwa maji hujikusanya nyuma ya ngoma na kumpunguzia usikivu.

Ipo pia kaakaa iliyopasuka chini ya ngozi. Kwa juu huonekana nzima, kumbe misuli yake haikuungana. Ishara yake kubwa ni kimeo chenye ncha mbili. Si kila mwenye kimeo hicho ana tatizo, lakini anayezungumza kwa sauti ya puani au aliyekuwa akitoa maziwa puani apimwe na daktari wa koo. Jambo hili liandikwe kwenye kadi yake, kwa sababu kuondoa nyama za nyuma ya pua kwa mtoto huyu huweza kumharibia usemi.

Hapa ndipo desturi ya kukata kimeo inapoleta madhara maradufu. Katika sehemu nyingi za Tanzania kimeo hulaumiwa kwa kikohozi kisichokoma, kutapika na kudhoofika, na mtoto hupelekwa kwa mkata vimeo. Mtoto mwenye zoloto laini, upenyo kooni au kaakaa iliyofichika huangukia kundi hilohilo la wanaokohoa na kudhoofika. Kukatwa hakugusi ugonjwa wenyewe, huondoa ishara ambayo ingemsaidia daktari, na humweka kwenye hatari ya kuvuja damu, pepopunda, sumu kwenye damu, na maambukizi ya virusi vya UKIMWI ikiwa wembe umetumika kwa wengine.

Uvimbe wa katikati ya shingo

Mrija uliofuata tezi ya thairoidi usipokufa, hubaki na kujaa majimaji na kuwa kifuko. Huu ndio uvimbe wa shingo wa kuzaliwa nao unaoongoza kwa wingi. Wengi huonekana kabla ya umri wa miaka 10, mara nyingi baada ya mafua au maumivu ya koo. Hukaa katikati, karibu na mfupa hayoidi.

Kipimo chake hakihitaji kifaa. Mtoto huombwa ameze mate, kisha atoe ulimi nje kadiri awezavyo, huku kidole cha mpimaji kikiwa juu ya uvimbe. Kifuko hiki hupanda mara zote mbili, kwa sababu bado kimefungamana na shina la ulimi. Rovu, yaani uvimbe wa tezi ya thairoidi yenyewe, hupanda wakati wa kumeza tu. Tofauti hii ina uzito wa pekee katika Nyanda za Juu Kusini, ambako upungufu wa madini joto uliwahi kuenea na rovu kuwa jambo la kawaida. Kwa mazoea hayo, uvimbe wowote wa mbele ya shingo huitwa rovu na kuachwa.

Kabla ya upasuaji, kipimo cha altrasaundi ni cha lazima ili kuhakikisha kwamba tezi ya thairoidi ipo mahali pake. Kwa watu wachache, kile kinachodhaniwa kuwa kifuko ndiyo tezi pekee waliyo nayo, iliyokwama njiani. Ikiondolewa, mgonjwa hulazimika kutumia vidonge vya homoni maisha yake yote. Upasuaji unaokubalika ni ule ulioelezwa na Walter Sistrunk mwaka 1920. Huondoa kifuko, kipande cha katikati cha mfupa hayoidi, na njia nzima hadi kwenye ulimi. Kuondoa kifuko peke yake huuacha mrija, na uvimbe hurudi kwa karibu nusu ya wagonjwa.

Tezi iliyokwama huweza pia kushindwa kutoa homoni ya kutosha. Umanjano unaopitiliza wiki mbili, choo kigumu, ulimi mkubwa, sauti nzito ya kilio na uvivu wa kunyonya ni sababu ya kupima homoni za thairoidi. Dawa ikianza katika wiki za mwanzo, akili ya mtoto hulindwa. Ikichelewa kwa miezi, kilichopotea hakirudi.

Uvimbe na matundu ya pembeni

Tao la pili lisipofunika vizuri mifereji iliyo chini yake, hubaki kifuko, tundu, au njia kamili kutoka kwenye ngozi hadi kooni. Zaidi ya kasoro tisa kati ya kumi za kundi hili hutokana na mfereji wa pili. Tundu lake, dogo kama ncha ya sindano, huwa mbele ya msuli mkubwa wa pembeni mwa shingo, karibu na mfupa wa mtulinga. Mama hulitambua kwa tone la ute linalolowesha kola ya nguo kila siku mahali palepale. Njia hii huweza kupanda kati ya mishipa miwili mikubwa ya damu ya shingo na kuishia kwenye tonsili, ndiyo maana si kazi ya chumba cha kushonea vidonda.

Kifuko kisicho na tundu huchelewa zaidi, na wengine hukigundua ujanani baada ya mafua. Karibu na sikio au kwenye pembe ya taya, kasoro hutokana na mfereji wa kwanza, nao upasuaji wake huhitaji kuulinda mshipa wa fahamu wa uso. Jipu linalojirudia mahali pamoja chini ya shingo, hasa upande wa kushoto, hutokana na mfuko wa tatu au wa nne. Mtoto mwenye matundu shingoni pamoja na vitundu mbele ya masikio apimwe usikivu na figo, na wazazi wake waangaliwe pia, kwani hali hiyo huweza kurithiwa.

Uvimbe laini wa pembeni unaopitisha mwanga wa tochi ni wa mirija ya limfu. Wengi huonekana kabla ya miaka miwili. Ukiongezeka ghafla huweza kubana njia ya hewa, na hapo hugeuka dharura.

Matezi ya shingo ya kifua kikuu hufanana na vifuko hivi. Matezi kuwa mengi, homa za jioni, kupungua uzito, au mgonjwa wa kifua kikuu nyumbani huelekeza huko. Mtu mzima mwenye umri wa zaidi ya miaka 40 anayeota kifuko pembeni mwa shingo achunguzwe saratani kwanza.

Kifuko kilichopata usaha hutibiwa kwa antibayotiki, na usaha ukilazimu kutolewa, sindano ni bora kuliko kisu. Upasuaji wa kuondoa kasoro husubiri uvimbe utulie, kwa kawaida wiki sita hivi. Kupasua, kuchoma kwa moto au kuchanja chale huacha makovu yanayofuta mipaka ambayo daktari wa upasuaji huitegemea.

Rufaa kutoka Tosamaganga

Hospitali ya Tosamaganga ni ya Jimbo Katoliki la Iringa na imewahi kutumika kama hospitali teule ya wilaya. Madaktari wa shirika la Kiitalia la CUAMM wamefanya kazi hapo kwa miaka mingi. Ngazi ya kwanza ni zahanati au kituo cha afya cha kijiji. Kutoka hapo mgonjwa hupelekwa Tosamaganga, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Iringa mjini. Kwa ubingwa zaidi zipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, pamoja na kitengo chake cha wazazi na watoto cha Meta, Hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma, na Hospitali ya Taifa Muhimbili, takriban kilomita 500 kutoka Iringa. Upasuaji wa mdomo na kaakaa hufanyika pia CCBRT, Dar es Salaam.

Mtoto mchanga mwenye povu, pumzi ya taabu au rangi ya bluu hasubiri foleni ya ngazi. Simu ya bure namba 115 ya mfumo wa m-mama hutafuta usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Kituo kinachompeleka hupiga simu mbele kuuliza nafasi. Mtoto husafiri na mama yake, muuguzi, mashine au bomba la kunyonyea mate, oksijeni na barua. Barua hutaja saa ya kuzaliwa, uzito, kilichopitishwa mdomoni, mrija ulipokomea na dawa alizopewa. Kasoro zisizo za haraka huenda kwa miadi, mzazi akiwa na kadi ya kliniki na picha ya simu ya uvimbe ulivyokuwa ulipovimba zaidi. Picha hiyo husaidia kwa sababu siku ya miadi uvimbe huwa umenywea. Sera ya afya ya Tanzania inasamehe ada kwa watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya umma, lakini nauli na malazi ya mlezi hupangwa na familia mapema.

Mimba inayofuata

Nyingi ya kasoro hizi hazina chanzo kimoja kinachojulikana, na hakuna hata moja inayotokana na laana au kurogwa. Yapo hata hivyo yanayopunguza hatari. Vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, huanzwa kabla ya kushika mimba na kuendelea hadi wiki ya 12, kwa kuwa kliniki ya kwanza mara nyingi hukuta koo limekwisha kuumbwa. Unga wa mahindi unaosagwa kwenye mashine za kijijini mara nyingi hauna virutubishi vinavyoongezwa viwandani, hivyo hautoshi kuwa badala ya vidonge. Chumvi ya madini joto hutumika nyumba nzima. Ulanzi, komoni na pombe nyingine, pamoja na tumbaku, huachwa tangu mimba inapotarajiwa.

Mwanamke mwenye kifafa, kisukari au ugonjwa wa thairoidi huonana na daktari kabla ya kushika mimba. Baadhi ya dawa za kifafa, hasa valproeti, huongeza hatari ya kaakaa wazi, lakini kuziacha bila ushauri huleta degedege linalomhatarisha mama na mtoto. Familia iliyokwisha kupata mtoto mwenye kasoro hueleza hilo katika hudhurio la kwanza la kliniki, ili mjamzito apangiwe altrasaundi na ajifungulie hospitali, ambako mtoto atachunguzwa kaakaa, pumzi na umio kabla hajanyonya.